Taarifa ya Mwenyekiti kwa wanachama wote wa kikundi chetu cha kubangua korosho Newala, mwaka 2024

Asalam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo, na habari za leo kwenu nyote. Taarifa hii nitaisoma mkutanoni lakini nimeiweka na kwenye grupu la WhatsApp kabisa maana najua wengi hamtakuja, hilo nitalisema mbele.

Shughuli za kawaida mnazijua sina haja ya kurefusha. Tulibangua tani 3.6 za korosho ghafi, tukapata karanga, yaani korosho iliyotolewa ganda, kilo 860 hivi, nzima zilikuwa nyingi kuliko mwaka juzi, vipande tuliuza hapa hapa mjini. Nanenane tulienda watu wanne. Boila ilitengenezwa mara mbili. Misiba ya wanachama ilikuwa mitatu na rambirambi zilifika, Mungu awalaze pema. Wanachama tuko 46, wapya wawili, aliyehama mmoja. Hayo yametosha.

Sasa nakuja kwenye hili ambalo limesemwa sana sokoni na kwenye simu, kwamba mwenyekiti amekula hela ya mgao. Nataka kuliongea lote maana nimenyamaza miezi mitatu.

Mfuko mwezi wa kumi ulikuwa na shilingi 4,260,000. Tungegawana kila mtu angepata kama 92,000, na mlikuwa mnaihesabia kwa ajili ya sare na madaftari ya Januari, nalijua hilo, mimi mwenyewe nina wajukuu wawili shule ya msingi. Kamati tukatumia 3,385,000. Banda la maganda 1,240,000, tanuri na bomba refu la moshi 980,000, glovu na barakoa na miwani na aproni 615,000, shimo la maji machafu na sakafu ya zege pale boila 370,000, mtungi wa kuzimia moto pamoja na sanduku la huduma ya kwanza 180,000. Imebaki 875,000 benki. Ndo hesabu yote hiyo, hakuna nyingine iliyofichwa.

Kwa nini tulifanya. Mwezi wa tisa walikuja wakaguzi wawili, waliongea na sisi vizuri tu kwa heshima, wakatuachia karatasi yenye mambo sita ya kurekebisha na siku 60 za kuyamaliza. Wengine mkasema sisi ni kikundi cha akina mama sio kiwanda, sheria hizo ni za wenye viwanda vikubwa. Jamani. Msimu ukichanganya sisi tunaweka vibarua mpaka 20 na tunawalipa kwa kilo, ukishamlipa mtu akufanyie kazi kwenye banda lako wewe ni mwajiri, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi wake, haikuandikwa kwamba mkono wa kibarua wa Newala hauhesabiki. Alafu majirani nao walishaanza kutusema, na mmoja alikuja kwangu na karatasi ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kifungu cha 4, kinasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Nilimjibu nini? Moshi wetu ulikuwa unaingia kwenye darasa la awali pale nyuma ya ukuta, watoto wa miaka mitano wanakohoa wanapikicha macho, na baadhi ya watoto hao ni wetu wenyewe.

Huo moshi nataka muuelewe maana nimeona mnauchukulia kama moshi wa kuni. Sisi hatukaangi, tunachemsha kwa mvuke. Mvuke unalilegeza ganda lipasuke vizuri na karanga itoke nzima, lakini yale mafuta meusi yanabaki humo humo kwenye ganda, kwa hiyo ukichoma ganda unachoma mafuta yake, ndo maana moshi ni mzito unakaba koo na nguo ukianua inanuka. Na sio ganda kidogo. Kilo nne na zaidi za ghafi ndo unapata kilo moja ya karanga, tani 3.6 zetu zilituachia maganda zaidi ya tani mbili na nusu, tulikuwa tunayachoma jioni pale uwanjani upepo ukivuma unabeba yote kuelekea kwa watu, mengine yalimwagwa korongoni na nani sitamtaja hapa ila alifanya vibaya, mvua ya masika ikija yale yanateremka huko bondeni kwenye mashamba ya watu.

Na mikono. Mafuta ya ganda la korosho yana asidi, yanaunguza. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, wale ambao wakila embe bichi midomo inawawasha ni kwa sababu utomvu wa embe una kemikali ndugu na hizi, ila za ganda la korosho ni kali zaidi. Mimi nimeanza kubangua mwaka 1994 nikiwa msichana, tulikuwa tunajipaka majivu na mafuta ya kula basi. Vidole vyangu mnaviona, kidole gumba cha kulia hakina alama tena, nilipoenda kusajili laini kwa alama za vidole yule kijana alijaribu mara saba mpaka akaniuliza mama unafanya kazi gani. Sitaki binti yoyote wa kikundi hiki aulizwe hivyo. Mwezi wa nane mama mmoja kati yetu, yupo hapa ananisikia, ngozi ya kiganja ilimtoka yote, alikaa wiki tatu hawezi kushika mwiko, alilishwa na mumewe. Mlichanga? Kwenye daftari nina majina tisa. Tisa kati ya watu 46.

Sasa mnaosema kamati haina mamlaka ya kutumia zaidi ya 500,000 bila mkutano mkuu. Ni kweli katiba yetu inasema hivyo na sikatai. Lakini niliitisha mkutano tarehe 5 Oktoba, wakaja 14. Nikaitisha tena tarehe 19, nikapiga simu kwa vocha yangu, nikapita nyumba kwa nyumba Luchingu yote, wakaja 11. Akidi ni nusu, yaani 23. Siku 60 zinakimbia. Ningesubiri mkutano wa tatu waje nane? Katiba hiyo hiyo inasema kwenye dharura kamati iamue alafu itoe taarifa, tuliona hii ni dharura, wajumbe watano kati ya saba walisaini, wawili walikataa na haki yao, majina yapo kwenye muhtasari. Wanaopiga kelele sana saivi nimeangalia karatasi za mahudhurio, hawapo hata mmoja kwenye mikutano yote miwili.

La kufunga kazi siku tisa mwezi wa kumi na moja nalo limeniletea maneno. Tulifunga kwa sababu tanuri lilikuwa linajengwa pale pale wanapokaa wabanguaji, zege halijakauka na fundi anakata mabati, huwezi kuweka watu hapo. Najua siku tisa ni hela, zilinigusa na mimi.

Glovu ndo imekuwa vita kabisa. Mnasema zinapunguza kasi, ni kweli, nilipima mwenyewe na mzani: mama aliyekuwa anatoa kilo nane za karanga kwa siku wiki ya kwanza alishuka mpaka tano, na malipo ni kwa kilo kwa hiyo inauma. Lakini baada ya mwezi huyo huyo alirudi kwenye saba, mkono umezoea. Na kabla ya hapo hizo kilo nane alikuwa anazitoa siku ngapi kwa wiki? Siku ya nne vidole vinawaka anakaa nyumbani. Nimeona wengine wanavaa nikipita nikigeuka wanavua, nawaomba sana jamani, sio mimi ninayeungua. Na zile zilizotoboka mzirudishe mbadilishiwe, glovu iliyotoboka ni mbaya kuliko kutovaa maana mafuta yanaingia yanakaa humo ndani mkono unachemka.

Jambo lingine ambalo halikugharimu hata senti lakini limenigombanisha na watu ni madumu ya dawa. Wengi wetu ni wakulima pia, msimu wa kupulizia mikorosho ukifika mnakuja na salfa na dawa za maji mnaweka kwenye stoo yetu, stoo hiyo hiyo ina karanga zilizofungwa tayari kuuzwa. Nilitoa mifuko yote 17 ya salfa nje na ninarudia hapa, hairudi. Na madumu matupu nilitoboa kwa msumari. Nalijua tatizo la maji huku juu Makonde, dumu ni mali, mtu anaona ni hasara kulitoboa wakati bomba likitoka anahitaji kila chombo. Lakini dumu la dawa hata ulioshe mara tatu sio la maji ya kunywa, unaosha ili lisidhuru wengine alafu unatoboa, hivyo ndo tulivyofundishwa na wataalamu. Aliyeniita mchawi wa madumu nimemsamehe.

Matokeo yapo. Wakaguzi walirudi mwezi wa kumi na mbili, mambo matano kati ya sita wakayapitisha, lililobaki ni uchunguzi wa afya za wabanguaji ambao tutautafutia fedha. Yule jirani alikuja mwenyewe kushukuru, mwalimu wa darasa la awali pia. Safari za Mtwara mjini kufuatilia usajili na makaratasi nilienda mara tatu, barabara yenyewe mnaijua, mbili nililipa nauli mwenyewe na ya tatu nilirudishiwa 15,000. Sisemi ili nisifiwe, nasema kwa sababu imesemwa nilikuwa naenda kutembea.

Ada sasa. Ada ni 2,000 kwa mwezi, kwa mwaka watu 46 tulitakiwa tuwe na 1,104,000. Imekusanywa 518,000. Yaani hata nusu haijafika. Waliolipa mwaka mzima ni 13. Wanachama 19 hawajalipa hata mwezi mmoja tangu Januari na kati yao wapo waliosimama kudai mgao kwa sauti kubwa. Inaniumiza, maana kama ada zote zingeingia, glovu na miwani na aproni na ule mtungi wa moto zingelipwa na ada yenyewe na mgao tungepata japo kidogo. Kamati imeamua mwenye deni la zaidi ya miezi sita hatapangiwa zamu mpaka apunguze, mnaweza kulipinga leo mkutanoni, ila muwepo.

Mwaka huu tunatarajia kama Mungu akitujalia kutafuta mnunuzi wa maganda, maana yale mafuta huko nje wanatengenezea rangi na breki za magari na sisi tulikuwa tunayachoma bure. Kuna mazungumzo, hayajafika mbali. Tunatamani pia mashine ya kubangulia ya kisasa, na kiliniki ije kupima ngozi na vifua. Tutaona uwezo. Maganda yaliyomo bandani kwa sasa yanawaka haraka sana, hakuna kuvuta sigara wala kuweka jiko la mkaa karibu, hata la chai.

Kitabu cha risiti kipo kwa mweka hazina, zipo 31 na zote zina mhuri isipokuwa mbili za fundi ambazo alisaini kwa mkono. Anayetaka kuhakiki aje siku yoyote baada ya adhuhuri, nitakaa naye moja moja mpaka aridhike. Glovu jozi 14 ambazo hazijachukuliwa zipo kwenye sanduku la bluu mlangoni, wenyewe mnajijua, njooni mzichukue kabla ya zamu ya Jumatatu.