Bei ya kahawa iandikwe kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotutesa kila msimu wa kahawa. Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi huku Marangu.

Bei ya kahawa katika soko la New York inapotajwa magazetini, huandikwa vilevile ilivyotoka huko: senti kadhaa za Marekani kwa ratili, au pauni kama wengi wanavyosema siku hizi. Huku hakuna anayepima kahawa kwa ratili. Mizani inasoma kilo, stakabadhi inaandikwa kilo, na mnadani Moshi bei hutajwa kwa dola kwa kilo 50. Mzee anakuja na kipande cha gazeti alichokikunja mfukoni, anakitandaza juu ya mizani kando ya gunia lake na kuniuliza, "Mwanangu, hawa wameandika hivi, nyie mbona mnanipa hivi?"

Ana haki ya kuuliza. Ratili ni kilo 0.45359237, kama Uingereza, Marekani na nchi nyingine nne zilivyokubaliana mwaka 1959. Kwa hiyo kilo moja ni ratili 2.2046. Wengi wameshika kwamba ukitaka kilo unagawa kwa 2.2, na ni kweli ukiwa unabadili uzito: ratili 110 ni karibu kilo 50. Bei haiendi hivyo. Kilo ni nzito kuliko ratili, lazima bei yake iwe kubwa zaidi, kwa hiyo hapo unazidisha. Tuseme bei ni senti 200 kwa ratili. Ukizidisha unapata dola 4.41 kwa kilo, yaani dola 220 na ushee kwa kilo 50. Ukigawa unapata senti 91 tu. Aliyegawa akilipwa dola moja na nusu ataondoka anashukuru. Na asiyebadili chochote, akaona dola mbili akadhani ni za kilo, naye amepotea. Makosa yote mawili yanamuumiza mkulima. Mnunuzi hayamgusi.

Wazee wengine bado wanahesabu kwa handredweti ya Mwingereza, ratili 112, wakidhani ndiyo hizo kilo 50 za mnadani. Ile ni kilo 50.8. Kwenye handredweti 100 tofauti inafika kilo 80, na huku kwetu wapo wakulima wasiofikisha kiasi hicho msimu mzima.

Halafu bei ya New York ni ya kahawa iliyokobolewa. Mkulima analeta pachimenti, yaani kahawa iliyomenywa na kukaushwa lakini bado ina ganda lake la ndani, na kilo 100 zake zikitoka kiwandani hubaki takribani kilo 80 za kahawa safi. Bado usafiri, ukoboaji na makato mengine. Hayo nayaeleza mwenyewe pale mizani, siyaachii gazeti. Lakini siwezi kuyaeleza vizuri kwa mtu aliyeanza na tarakimu isiyo sahihi.

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba kila mnapochapa bei ya ratili, pembeni muweke bei ya kilo, na tarehe ya bei hiyo. Ni hesabu ya mstari mmoja kwa mwandishi wenu. Sisi tunaanza kupokea kahawa Julai. Tafadhali anzeni kabla ya hapo.

Karani wa mizani,
Marangu, Moshi