Kwa mdogo wangu, kuhusu ile hatifungani

Mdogo wangu mpendwa,

Kadi ya harusi yako imenifikia na nimefurahi kwa dhati, ingawa jina langu umeliandika kama unavyowaandikia watu wa ofisini. Nilikusudia kukujibu kwa mistari miwili ya pongezi, lakini kalamu imekataa, kwa sababu baina yetu kuna karatasi moja ambayo hatujawahi kuizungumza tukiwa tumetulia.

Unakumbuka niliporudi Philadelphia kutoka kwenye matanga ya Mama. Ulikuwa umepika wali wa nazi, umefagia nyumba, na mezani umeniwekea ile hatifungani ya dola 300 ya mwaka 1779, hati ya mkopo ambao Marekani ilichukua kwa raia wakati wa vita vyake vya uhuru, ikiwa imebanwa ndani ya plastiki ya moto, inang'aa kama kitambulisho kipya. "Nimekulindia, Dada," ukasema. Nilikaa chini bila kuvua koti. Uliifanyia vilevile kama vilivyofanyiwa vyeti vyetu vya kuzaliwa, na mtu aliyetenda kwa upendo sijui hukaripiwa vipi. Lakini kusamehe nako kumenishinda.

Gundi ya plastiki ile huyeyuka kwa joto ikazama katika nyuzi za karatasi, na anayejaribu kuibandua huondoka na wino. Ukingo mmoja wa hati ile ulikatwa kwa mawimbi ili siku ya malipo ulinganishwe na kishina kilichobaki ofisini, mghushi aumbuke. Nilizoea kuupitisha ukucha pale. Sasa ukucha unateleza. Na juu ya yote kuna sahihi ya Francis Hopkinson, Mweka Hazina wa Mikopo, mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru mwaka 1776. Ndiye yule niliyekusimulia ukacheka mpaka ukapaliwa: mwaka 1780 alidai kwamba ndiye aliyebuni bendera ya Marekani, akaomba ujira wa pipa dogo la divai ya serikali, na hakupewa.

Ukitaka kulinda karatasi ya zamani, itie kwenye bahasha ya poliesta isiyozibwa, iepushe na jua, na selotepu usiisogeze karibu. Ukinunua, usidanganywe na uzuri wa mwandiko, maana katika mji huu huu, karne ya 19, mghushi Robert Spring aliwauzia watu sahihi bandia za George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Mimi nilichunguza miezi minne kabla ya kulipa, na nililipa kwa mafungu matatu kutokana na zamu za usiku. Hilo nalitaja kwa sababu najua ulichowaambia akina shangazi kwa simu, kwamba Dada ananunua makaratasi ya Wazungu ilhali Mama yuko kitandani. Fungu la mwisho nililipa Januari. Mama aliugua Machi. Risiti za fedha nilizotuma ninazo zote, na ungeniuliza ningekuonyesha, lakini hukuniuliza.

Ulipenda kuniambia kwamba ni deni lililokufa. Nami nilikueleza jinsi Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa kwanza wa Marekani, alivyoyafufua madeni yale mwaka 1790 ili serikali iwalipe walioshika hati, wakati wengi waliokopesha mwanzoni walikuwa wameshauza hati zao kwa bei ya kutupa. Mbunge James Madison akataka wale wa kwanza nao wapate fungu lao, wabunge wakakataa. Ukaniuliza: basi hii uliyoshika ni ya nani, Dada? Nilikasirika usiku ule, na leo nakiri kwamba swali lilikuwa zuri kuliko jibu nililokupa.

Wiki iliyopita nilichukua wembe nikaipunguza plastiki pande zote nne, nikasimama milimita chache kabla ya kufikia karatasi. Mkono ulitetemeka, nikairudisha mtotoni mwa meza.

Harusini nitakuja. Nitumie rangi ya sare mapema, maana fundi wangu huku ni mzito, na usinipange na wageni wa mbali. Niweke meza moja na akina shangazi.

Dada yako