Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: hakathoni zetu za afya zimefika wapi

Wanachama wenzangu, habari za siku nyingi. Mweka hazina atawasomea hesabu baadaye kwa hivyo mimi sitagusa pesa sana, nataka tuongee kuhusu hakathoni za afya, zile wikendi madevelopa, yaani watengeneza programu, wanakaa pamoja kutafutia shida za afya suluhisho, juu ndiyo kazi imekula nguvu zetu nyingi mwaka huu na ndiyo najivunia kuliko zingine zote.

Kamati iliamua hivi: hakuna timu itafungua laptopu kabla ya kukaa na mtu anayefanya kazi wodini au kliniki. Ijumaa jioni yote ikawa ya manesi, maklinikofisa, watu wa maabara na wahudumu wa afya ya jamii kutoka Mathare na Kibera, wao waongee, madevelopa wasikize. Kuna waliolalamika eti wanapotezewa muda. Lakini ni nani hapa hajaona wikendi kama hizi zikizaa apu ya kubuku daktari, mshindi anapewa cheki tunapiga makofi, na Jumatatu hakuna mtu anaifungua tena?

Meza iliyonigusa sana ni ya nesi wa kliniki ya wajawazito huko Eastlands. Alikuja na rejista ya MOH 405, ile kubwa ya Wizara ya Afya, akaitandaza mezani akawaonyesha vijana vile kila mama anajaziwa mstari mzima wa vijisanduku, alafu mwisho wa mwezi anahesabu kwa kidole safu kwa safu, jumla inaandikwa kwa fomu ya MOH 711 ndio iingizwe kwa sistemu ya taifa ya takwimu za afya, hii ya DHIS2 ambayo ilisambazwa nchi nzima 2011. Sistemu iko poa, shida ni hapo katikati pa kidole na kalamu, na mtu amesimama tangu asubuhi. Kijana mmoja akataka kutengeneza apu ya tableti. Nesi akamuuliza, "Hiyo tableti nani ananunua, na nitakuwa najaza mara mbili?" Ikabidi waanze upya kabisa: simu ya kawaida inapiga picha ukurasa, programu inasoma alama inatoa jumla, yeye anakagua tu. Kufika Jumapili ilikuwa bado inakosea kosea, wino ukififia inachanganyikiwa, lakini ile timu bado inakutana na huyo nesi hadi sasa na kwangu huo ndio ushindi.

Rejista aliyokuja nayo ilikuwa tupu, na hapo nasisitiza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka habari za afya ya mtu kwenye kundi la data nyeti, kwa hivyo wagonjwa wote wa kwenye majaribio tuliwatunga. Mtu akija na picha ya faili ya mgonjwa wa kweli anatoka, hata kama programu aliyoandika ni moto.

Wengine mmeniuliza kama hizi vitu huwa zinafika mahali. Zinafika, ila pole pole. MIT Hacking Medicine, kikundi cha chuo cha MIT kinachoandaa hakathoni za afya, ilianza 2011 kule Marekani, na ni kwa hakathoni zao PillPack ilianzia, ile famasi ya kupanga dawa za mgonjwa kwa pakiti kulingana na saa ya kumeza. Amazon wakainunua 2018. Mmoja wa waanzilishi, T.J. Parker, ni mfamasia, baba yake pia mfamasia, yaani mwenye kuijua shida alikuwa ndani ya chumba tangu mwanzo. Hapa kwetu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walitengeneza mashine ya kupumulia, Tiba Vent, 2020 korona ikiwa imetubana, kwa hivyo tusiambiwe vijana wetu hawawezi.

Kinachoniuma ni pengo la baada ya Jumapili. Kifaa cha matibabu kina njia ndefu, kibali cha maadili ya utafiti, Bodi ya Famasia na Sumu, majaribio, na kijana anayeishi kwa vibarua hawezi kungoja hivyo bila nauli. Ndio maana kamati inapendekeza zawadi igawanywe, nusu siku ya fainali na nusu nyingine timu ikirudi na ripoti ya kujaribu kazi yake kituoni, imesainiwa na mhudumu waliyefanya naye kazi. Tutapigia kura leo. Pia tunatafuta wanachama wa kushika timu moja moja mkono kwa miezi sita, hasa wale mnajua mambo ya vibali, na fomu iko na katibu pale mlangoni.