Yah: Malalamiko kuhusu kuharibiwa kwa insulini yangu na kudhalilishwa ndani ya basi lenu

Ndugu Meneja Mkuu,

Mimi ni mgonjwa wa kisukari, na nilikuwa abiria wa kiti namba 14 katika msafara wenu wa Julai, uliotutoa Dar es Salaam hadi Munich, kisha kwa basi kupitia Innsbruck, Verona na Florence hadi Roma. Masharti ya safari mnayajua, fomu ya afya niliyoijaza mnayo, na ahadi yenu ya maandishi kwamba dawa yangu itakaa kwenye friji ndogo iliyo pembeni ya dereva mnayo pia, kwa hiyo sitayarudia. Ninaandika kwa heshima, ingawa nakiri kwamba barua hii nimeianza mara tatu na kuichana mara mbili.

Asubuhi tulipotoka Innsbruck, mkoba wangu wa buluu niliuweka ndani ya friji kwa mkono wangu mwenyewe, ukiwa na kalamu nne za insulini ya usiku, kipimo cha sukari na vijiti vyake, na vidonge vya glukosi. Kwenye foleni ya Brenner, mpakani mwa Austria na Italia, tulikwama kwa muda wa karibu saa tatu, na pipi za dharura nilizokuwa nazo kwenye pochi ziliishia hapo. Verona tulishuka kwa saa mbili kupiga picha nje ya Arena, ule uwanja wa kale wa Warumi. Katika saa hizo mbili kiongozi wa msafara aliutoa mkoba wangu ili apate nafasi ya chupa zake za soda, akautia kwenye buti chini ya mabegi, basi likiwa limezimwa juani, wala hakuniambia. Insulini ambayo haijaanza kutumika hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na hata inayotumika haitakiwi kuachwa kwenye joto linalozidi 30; buti lililofungwa, mchana wa kiangazi cha Italia, ni tanuri. Siandiki haya kuwafundisha, kwa maana yalikuwamo kwenye barua ya daktari mliyoitaka ninyi wenyewe, tena iwe na mhuri.

Tulipokuwa tumeondoka Verona na kukaribia Modena, alitutangazia kuwa zimebaki dakika kumi tufike mgahawani. Insulini ya chakula hudungwa muda mfupi kabla ya kula, kwa hiyo nilijidunga kwa kalamu iliyokuwa kwenye pochi. Dakika kumi zikapita, na mgahawa nao tukaupita, kwa sababu aliamua kufidia muda uliopotea Brenner ili tule Florence. Baada ya nusu saa hivi, kwa kuwa sikuwa nimekula, sukari ilishuka, mikono ikaanza kutetemeka na jasho likanitoka, huku kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Nilikwenda mbele nikamwomba asimamishe basi kwenye kituo cha mafuta kinachofuata, anipe mkoba wangu. Hapo ndipo nilipoambiwa kuwa uko kwenye buti. Kisha, badala ya kunijibu mimi, alichukua kipaza sauti akasema: "Jamani, mama wa kisukari anataka tusimame. Tusimame kwa ajili ya mtu mmoja, au twende zetu Florence?" Wapo waliocheka, na wapo waliosema twende.

Nalirudia hilo kwa sababu ofisa wenu aliyenipigia simu nilipokwisha kurudi nyumbani aliliita "kutoelewana kidogo". Nilikuwa nimesimama katikati ya basi linalokwenda, nimeng'ang'ania mgongo wa kiti, maandishi ya vibao vya barabarani yanacheza machoni, na ugonjwa wangu ukapigiwa kura kwa kipaza sauti. Kura, Ndugu Meneja. Mikono iliyonyooshwa niliiona. Mtoto wa miaka tisa aliyeketi nyuma yangu ndiye aliyenifuata na pakiti ya juisi ya embe, akanichomekea mrija mwenyewe kwa kuwa vidole vyangu vilikwisha kushindwa. Dereva, Mwitaliano asiyejua hata neno moja la Kiswahili, aliniona kwenye kioo, hakungoja matokeo ya kura, akawasha indiketa na kuingia kituoni. Kipimo kilipopatikana, hata baada ya juisi ile, kilisoma milimoli 2.9 kwa lita, wakati sukari ikishuka chini ya 4 mgonjwa hatakiwi kusubiri hata kidogo. Kalamu zangu zote nne zilikuwa za moto mkononi. Baadaye nilimuuliza kiongozi wenu kama anaijua namba ya dharura inayotumika Italia na nchi zote za Umoja wa Ulaya. Hakuijua. Ni 112.

Usiku huo, Florence, nilizunguka nikitafuta duka la dawa lenye msalaba wa kijani lililokuwa bado wazi, nikaambiwa kwamba cheti changu cha Dar es Salaam hakitoshi, nikamlipa daktari wa huko ndipo nikauziwa insulini. Jumla ilikuwa euro 165. Bima mliyotuuzia kwa ajili ya viza ya Schengen, ambayo haipaswi kuwa chini ya euro 30,000, kiongozi wenu aliniambia ni ya "watu waliolazwa", na hata namba ya kuwapigia wenye bima hakunipa. Nisisahau pia kwamba siku tatu kabla ya hayo, Munich, aliniagiza nikajidungie chooni kwa sababu eti nawaharibia wenzangu kifungua kinywa. Wakati ule nilinyamaza, na sasa najuta kunyamaza.

Ninachodai ni kurudishiwa euro 165. Nilipoanza kuandika nilidhani hilo lingetosha, lakini halitoshi. Nataka pia nusu ya nauli yangu, kwa kuwa kuanzia Florence hadi Roma sikutalii chochote, nilikaa hotelini nikipima sukari kila baada ya saa mbili. Nataka barua ya kuomba radhi, isiletwe kwangu peke yangu, bali itumwe kwa kila abiria aliyelisikia tangazo lile, maana aibu nilitiwa mbele yao. Na kiongozi yule asipewe msafara mwingine wenye mgonjwa ndani yake, wala asipewe msafara wowote, mpaka amefundishwa huduma ya kwanza na ninyi mmeniletea ushahidi wa maandishi.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita bila jibu, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani kuhusu huduma mliyoniuzia msiitoe, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu kipaza sauti, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, nami sikumpa mtu yeyote ruhusa ya kuzitangaza. Abiria wenzangu wawili wamekubali kuwa mashahidi. Mmoja wao ni mama wa yule mtoto wa juisi. Msinipigie simu tena. Nijibuni kwa maandishi.

Nimeambatisha stakabadhi za daktari na za duka la dawa, nakala ya ahadi yenu kuhusu friji, na picha ya kipimo ikionyesha saa na namba. Kalamu nne zilizoharibika ninazo bado, mkitaka kuziona.

Wasalaam,

Abiria wa kiti namba 14