Barua kwa mwanangu wa Masasi

Mwanangu vipi, za Masasi? Meseji yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Unasema mzuka wa kuchora tingatinga umekata kabisa, unakaa na kibao cha kuchorea unakitazama mpaka chai inapoa, kisha unakirudisha nyuma ya kabati. Pole aisee, hiyo naijua.

Si unakumbuka corona ya 2020 ilivyotufanya, watalii hakuna, mzigo wa picha umejaa ukutani, mi nikaingia kwenye bodaboda na brashi nikaisahau miaka. Hata hali ilipotengemaa nikawa nasubiri mzuka urudi ndo nianze, haukurudi ng'o. Kilichonirudisha ni fundi mmoja pale Oysterbay alikuwa na oda kubwa akaniambia njoo unipigie bakgraundi tu, ile rangi ya nyuma, mnyama nachora mwenyewe. Yani mimi, na ukongwe huu, bakgraundi kama dogo wa juzi! Ila njaa haina cheo, nikaenda.

Sasa unajua rangi ya mafuta ilivyo, haina haraka. Unalaza bluu, unaishushia nyeupe ikiwa mbichi zichanganyike, basi, huna la kufanya tena, unaenda zako. Kesho ndo mnyama, madoa mpaka akauke. Kwahiyo kila jioni naondoka kuna kitu hakijaisha, asubuhi najikuta naenda kukiangalia kimekaukaje. Na wazo lenyewe si langu so halinitishi. Mkono ukaanza kulainika taratibu, kichwa kikafuata nyuma huko.

Najua utasema kukopi ni kujishusha. Wanaosema hivyo hawajui tulikotoka. Mzee Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa uchoraji huu wetu, alianza kuchora 1968, na 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mwizi, miaka minne tu hiyo. Waliobaki, wengine ndugu zake kabisa, waliendelea kwa kurudia alivyowaonyesha, mpaka ushirika wa wachoraji ukasimama 1990. Wangekaa kusubiri mzuka sijui kama tungekuwa na hata kibanda cha kuuzia.

Siku moja kikabaki kibao kidogo, nikajikuta nachora kanga watatu wamepiga mishikaki kwenye bodaboda, dereva ni kobe. Nilicheka peke yangu. Hakijanunuliwa mpaka leo na wala sijakipeleka dukani vizuri, nakiringia.

Kwahiyo we usichore kitu kipya. Ile yako ya samaki wekundu uliyomuuzia yule mama picha yake ninayo kwenye simu, nakutumia, ikopi hiyo hiyo. Kachukue kopo dogo la rangi na tina hapo hadiwea, kipande cha hadibodi muombe seremala, piga bakgraundi halafu uache, usijifanye kumalizia siku hiyo hiyo kisa jua la huko kali.

Brashi za dukani usinunue, zinamwaga manyoya kwenye rangi. Nakupa zangu mbili nyembamba kwa basi la Ijumaa, we nitumie namba ya konda unayemuamini.