Majibu ya utafiti tunayasubiri bado

Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa Pasua, Moshi. Siku hizi kila kukicha ni ushirikiano, chuo fulani cha nje kimesaini na hospitali fulani ya kwetu, watu wanapeana mikono kwenye picha. Sina ubaya nao, ila nina langu moja.

Mama yangu ana sukari, mwaka wa tisa huu. Miaka mitatu iliyopita kwenye kliniki yake (ndogo tu, siitaji) walikuja vijana wa utafiti na tableti zao, wapole kweli, wakamkalisha karibu lisaa ni maswali tu, ndizi anakula mara ngapi kwa wiki, mbege anakunywa au hanywi, hapo mama akadanganya na mimi nipo pembeni nimenyamaza, wakamtoa damu, akaweka dole gumba kwenye fomu, wakampa nauli. Majibu mtaletewa, wakasema. Mpaka leo mama akiona kijana na tableti getini ananiuliza, "ndo wale wa majibu?"

Kilichoniuma zaidi ni nesi wa pale. Siku ile aliwaambia jamani ulizeni pia kwa nini watu wanaacha kuja, maana wanatoka Kibosho na Uru saa kumi na moja alfajiri hawajatia kitu mdomoni sababu ya kipimo, wanakaa kwenye benchi mpaka saa tano bila kuchomwa kidole, wengine wanatetemeka, kuna mzee alianguka kabisa, mwezi unaofuata humuoni. Akajibiwa kwa heshima zote kwamba hilo halipo kwenye dodoso. Akarudi zake kujaza rejista za MTUHA, yale madaftari ya takwimu za wagonjwa. Baadae akaamua mwenyewe, waliofunga wapimwe kwanza, faili litafutwe baadae, na sasa kina mama wanakuja na chapati kwenye kimfuko, wakishachomwa tu wanakula. Haikutumika hata shilingi mia. Kwangu mimi ule ni utafiti, sema hakuna aliyeuandika.

Watafiti siwapingi, nani asiyejua faida yao. Hapo Siha tuna Kibong'oto, hospitali ya TB toka 1926, muulize mtu aliyetibiwa TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, enzi zile, sindano miezi na miezi, vidonge mwaka na nusu mpaka miwili, wengine masikio yakaziba moja kwa moja. Mwaka 2022 WHO, Shirika la Afya Duniani, wakapitisha vidonge peke yake bila sindano, miezi 6 kwa wengi wao. Hiyo haikushuka na mvua, kuna wagonjwa Afrika Kusini na kwingineko walikubali kujaribiwa dawa hizo, na kuna watu wakahakikisha majibu yanafika mpaka wodini.

Kwa hiyo ninachoomba hizo hospitali na vyuo wakikaa kupanga utafiti, kabla dodoso halijachapwa wamwite nesi wa kliniki na wagonjwa wawili watatu wawasikilize, na wakimaliza waandike karatasi moja ya Kiswahili waibandike pale dirisha la dawa ambako wote tunapanga foleni. Hela ya semina hotelini huwa inapatikana, hiyo ya karatasi moja isikosekane.

Kliniki ya mama ni Jumanne. Ataniuliza tena pale getini.

Msomaji wenu,
Pasua, Moshi