Baba Yangu Hakudaiwa, Alipigana

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu nikiwa darasa la tano na sijawahi kuwaandikia hata siku moja. Majina yaliyokosewa nimeyavumilia, picha zisizohusiana na habari nimezivumilia. Ila ile habari yenu ya mistari sita, ukurasa wa ndani, kuhusu mzee mkulima mdogo wa huku Shinyanga aliyefariki na "anayedaiwa kupigana Vita vya Kagera", imenishinda. Mzee yule ni baba yangu mzazi.

Anayedaiwa! Neno hilo mnampa mtu aliyekutwa na ng'ombe wa wenyewe. Najua mnalitumia ili msije mkashtakiwa. Sasa hapa mlimwogopa nani? Mwandishi wenu alifika msibani, akala, akaongea na watu wawili watatu chini ya mwembe, akaondoka. Wanaume waliomwosha marehemu walikuwepo palepale. Wangemwambia juu ya kovu la pajani kushoto, limekunjamana kama mdomo wa kiroba kilichoshonwa vibaya, na juu ya kipande cha chuma kilichobaki ndani. Sisi watoto tulikuwa tukikibonyeza kwa kidole tukiwa wadogo, tunakisikia kinateleza chini ya ngozi, naye anatuacha tucheze mpaka tunachoka. Hakuulizwa mtu.

Mwalimu alipolitangazia taifa, tarehe 2 Novemba 1978, kwamba uwezo wa kumpiga nduli Idi Amin tunao, sababu tunazo na nia tunayo, baba alikuwa na miaka 24 na alikuwa analima. Alikuwa mgambo wa kijiji. Walipoitwa, plau aliiacha shambani mfereji ukiwa haujafika mwisho, ng'ombe wakarudishwa nyumbani na mdogo wake. Baba mdogo anasema mfereji ule haukumaliziwa msimu ule, bibi alikataa mtu mwingine asiuguse. Alivuka mto Kagera, akapita Mutukula mpakani, akafika Masaka, Uganda, na njia karibu yote ni kwa miguu. Kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na mgongoni una mzigo.

Kitu kilichoniumiza zaidi ni hiki. Baba hakuwahi kutusimulia Kampala. Alitusimulia Lukaya. Tarehe 10 Machi 1979 brigedi ya 201, ambayo sehemu kubwa ilikuwa mgambo kama yeye, ilikutana na majeshi ya Amin pamoja na Walibya karibu na kinamasi cha Lukaya, na makombora ya Katyusha yakaanza kunguruma. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao, lakini vijana waliotoka kwenye majembe miezi minne tu nyuma walikuwa hawajawahi kusikia mngurumo wa namna ile. Wakakimbia. Baba alikuwa anatuambia hivyohivyo, bila kupunguza: "Nilikimbia, wanangu. Nilikimbia kwenye matope mpaka buti moja likabaki." Halafu anasema jinsi walivyokusanywa usiku uleule, wakapangwa upya gizani, mtu anamtambua mwenzake kwa sauti, na alfajiri ya tarehe 11 walipokuwa wanarudi mbele, brigedi ya 208 ikawa imezunguka na kumpiga adui kutoka upande mwingine. Yeye alirudi mbele na buti moja. Hapo ndipo alipopata kile chuma cha paja. Sasa niambie, ndugu Mhariri, mtu anayejitungia vita anajiweka kwenye kundi linalokimbia? Mwongo angejiweka Kampala tarehe 11 Aprili, juu ya kifaru, anapungiwa mikono. Baba yangu alijiweka kwenye matope kwa sababu ndiko alikokuwa. Angekuwa hai akaisoma habari yenu, nadhani angelikunja gazeti polepole na kwenda shambani. Mimi siwezi.

Cheti chake kilikuwepo. Kilikaa ndani ya mkebe wa bati pamoja na kadi za kliniki zetu sote, na mvua za El Nino za 1997/98 ziliangusha ukuta wa chumba kile. Tulichochota kwenye mkebe ni uji wa karatasi.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza kwenye sherehe ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Alipiga pasi suruali yake mwenyewe, kwa pasi ya mkaa, na hakutaka kusaidiwa. Tulifika saa moja kasoro asubuhi. Pale kwenye hema kijana mwenye orodha alimuuliza jina, akalitafuta, hakuliona, akatuonyesha kamba upande wa jua. Baba alisimama pale kuanzia gwaride lilipoingia mpaka mkuki na ngao, sime, upinde na mishale na shoka vilipokwisha kuwekwa mnarani. Tarumbeta ilipopigwa alikaza magoti, mikono ubavuni, mguu ule mbovu unatetemeka ndani ya suruali. Hemani, viti vya safu mbili za nyuma vilikuwa vitupu. Nilitaka kwenda kugomba, akanishika mkono. Njia nzima ya kurudi hakulizungumzia, aliongelea palizi tu. Hakwenda tena.

Na hilo la "mkulima mdogo" nalo naomba nilisemee, maana mnaliandika kama vile ni cheo cha chini ya watu wote. Baba alilima pamba kwa zaidi ya miaka 40. Mistari yake ilikuwa sentimita 90, shina hadi shina 40, anapima kwa fimbo aliyoikata alama kwa kisu, na mbegu alizigawa kwa kikombe cha bati alichorudi nacho kutoka vitani. Funza wa vitumba alimjua kabla maua hayajafunguka. Masalia alikuwa anayang'oa na kuyachoma mapema, kabla ya kukumbushwa na bwana shamba. Lakini mtu huyohuyo akipeleka mzigo kwenye mizani, pamba aliyoichambua kwa mikono mpaka usiku inaandikwa fifi, yaani daraja la chini, kwa sababu mpimaji kaitazama juujuu, na pesa yenyewe inakuja mnunuzi akitaka. Mwaka mmoja tulinunua dawa dukani, tukapulizia mara tatu, funza wakanenepa. Gazeti lenu lilikuwa wapi? Mnakuja bei ya pamba inapotangazwa, mnapiga picha ya lundo jeupe, basi mpaka mwakani. Mngekuwa mnawafahamu wakulima, mngemfahamu baba yangu, na neno lile lisingepita mezani kwenu.

Naomba mambo mawili. La kwanza, lifuteni neno hilo gazetini, kwa herufi za ukubwa uleule, kabla hatujamaliza arobaini. La pili, mpeni kila mwandishi wenu wa wilayani kaunta buku moja la kwaya mbili, azunguke kwa wazee waliopigana 1978 na 1979, awaulize maswali matatu tu: ulikuwa kikosi gani, nani alikuwa kulia kwako, na uliporudi ulipanda nini. Majibu yachapwe kila Jumamosi, nusu safu inatosha, msisubiri msiba. Waliokuwa na miaka 24 wakati ule wamepita 70 sasa.

Aanze na tarafa yetu. Yupo mzee aliyekuwa na baba Lukaya, hatua chache kutoka kwake. Macho yamekwisha lakini masikio ni mazima, na siku ya mazishi aliketi kwenye mkeka hatua kumi kutoka alipoketi mwandishi wenu. Analikumbuka hata buti, lilikuwa la kulia. Asubuhi anakuwa shambani kwetu, kwenye pamba ambayo baba aliipanda Novemba. Anachuma kwa kupapasa, na safi na fifi anazitenga kwa vidole bila kukosea.

Mtoto wa tatu wa marehemu,
Shinyanga